Mlima Uliorudishwa Kila Mwezi

Nilifika Kanyati siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi, mgongo ukiniuma na bila hamu ya kusalimiana na mtu yeyote. Safari ya kutoka Goma hadi upande wa Mweso, ambayo zamani ilikuwa ya siku moja, ilinichukua siku tatu juu ya pikipiki, kwa sababu vita vilikuwa vimerudi na kila kilima kilikuwa na wenyewe wapya. Kwenye kila kizuizi niliteremka, nikafungua begi, nikaeleza kwamba naitwa Kavira, kwamba kazi yangu ni kupima ardhi, kwamba kilichomo ni kamera na wala si kitu cha kijeshi. Kufikia kizuizi cha sita nilikuwa nikieleza huku nimefumba macho.

Kazi iliyonileta ilikuwa sahihi moja tu. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika ripoti kwamba mteremko wa Kanyati umetulia, hausogei, unafaa watu kukaa. Kwa karatasi ile familia mia mbili za wakimbizi zilijenga vibanda pale. Sasa familia nyingine mia tatu zilikuwa zimetoka Kibua, upande wa Walikale, zikilala kwenye madarasa ya shule huko Mweso, na wakubwa walitaka kuzipandisha Kanyati pia. Mkuu wangu Raphaël, ambaye hatoki ofisini Goma isipokuwa kwenda kula, aliniambia, "Iko formalité tu, Kavira. Piga picha, saini, rudia Goma."

Niseme kidogo jinsi tunavyojua kama ardhi inasogea, maana bila hilo hamtaelewa kosa letu. Kila baada ya siku kumi na mbili satelaiti hupita juu yetu na kutuma mawimbi ya rada. Mawimbi yanagonga ardhi, yanarudi, nasi tunalinganisha marejeo ya leo na ya mara iliyopita. Ardhi ikishuka hata unene wa ukucha, tunaona. Nilifundishwa ufundi huu kule chini Uvira, kwenye delta ya Ruzizi, pale mto unapoingia ziwani. Mwalimu wetu aliipenda delta. Ni tambarare, udongo wake laini hushuka polepole kwa uzito wake wenyewe, na mtu anaweza kuupima huku amevaa viatu safi. Masisi, ilipo Kanyati, haina adabu hiyo. Huku kuna migomba, majani marefu na ukungu, na mawimbi yanapotelea humo. Kwa hiyo tunasimamisha bati tatu za aluminiamu zilizounganishwa mfano wa pembe ya sanduku, na satelaiti inaliona sanduku hilo liking'aa mahali palepale kila inapopita. Watu wa Kanyati wanaliita kona.

Kanyati tuliweka kona mbili. Moja tuliisimamisha juu ya mwamba, karibu na kanisa dogo lililo begani mwa mlima, maana mwamba hauendi popote. Ya pili tuliiweka kwenye mteremko wenyewe, kama hatua sitini kutoka pale. Ile ya pili ikishuka kuliko ya kwanza, tunajua mlima unatembea. Mlinzi wa kona hizo alikuwa Papa Jean de Dieu Ndagijimana, fundi mwashi aliyelijenga kanisa lile kwa mikono yake. Siku ya kuziweka nilimwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Nilimwambia, "Papa, hii kintu isisogee hata kidogo. Ikisogea, kazi yote imeharibika."

Mimi nilikuwa nawaza ng'ombe na watoto. Yeye alikuwa mwashi.

Nilimkuta amesimama kando ya kona ya mteremkoni, kofia mkononi, anatabasamu. Bati lilikuwa limepanguswa mpaka likaakisi mawingu.

"Madame Kavira, karibu sana," alisema. "Kona yako iko palepale. Haiyasogea hata unywele."

"Asante, Papa. Naona."

Nikatoa kamera. Kwa desturi napiga picha mahali palepale nilipopiga mara ya kwanza, kwa hiyo nikafungua ile picha ya zamani ili nijue pa kusimama. Katika picha ile, kona ilikuwa imegusana na uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe ambayo huku hupandwa kuonyesha mpaka. Nakumbuka hata koti langu nililitundika kwenye uzio nikiwa nakaza nati. Sasa nikainua macho. Kona ilikuwa pale, na uzio ulikuwa chini yake, hatua mbili mbali, umejipinda katikati kama upinde.

Nikatazama picha, nikatazama uzio. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anaelewa polepole.

"Papa, huu uzio ulienda wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Umuulize Mbonigaba," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Shamba la juu iko yake, la chini iko langu. Anashusha miyenzi kidogo kidogo, anakula shamba langu. Na kona pia anaisogeza. Lakini kona mi naijua. Kila mwisho wa mwezi naipima, nakuta imeshuka, naichimbua, nairudisha kwa mahali yake."

"Unairudisha?"

"Palepale, Madame. Kwa kamba na kwa tuyo ya maji, ule mupira wa kupima usawa. Nilipigilia misumari mbili kwa jiwe ya kanisa siku ile ile mulienda. Kila musumari iko na kamba yake, kila kamba iko na fundo. Pale mafundo inakutana, njo pale kona inapaswa kukaa. Hata urefu wa kwenda juu napima. Ulisema isisogee."

Aliyasema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivuna, maana kazi ile ilikuwa safi. Mimi nilikaa chini kwenye majani. Mtu huyu mwaminifu, kila mwezi kwa miezi ishirini na minane, alikuwa ameupandisha mlima tena na kuuweka mahali pake, na satelaiti ikipita inakuta kila kitu sawa.

Lakini sitamtwika yeye mzigo wote. Vipimo vya Kanyati havikuwa vimetulia kabisa. Vilikuwa vinaruka, mara chini, mara juu, ila ukijumlisha vinarudi sifuri. Rada yetu ikikuta kona imeruka zaidi ya upana wa vidole viwili kwa mpigo mmoja, inapoteza hesabu na kuanza upya. Tulipaswa kujiuliza kwa nini inaruka. Hatukujiuliza. Tulisema udongo wa mfinyanzi unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, tukafuta miruko ile, tukachora mstari ulionyooka, nikatia sahihi. Mbaazi ukikosa maua husingizia mvua. Ndivyo tulivyofanya, na tulikuwa na shahada.

"Papa Jean de Dieu," nikamuuliza, "ilikuwa inashuka kiasi gani kila mwezi? Unakumbuka?"

"Kukumbuka ya nini? Niko na ushahidi."

Nyumba yake ilikuwa jirani na kanisa, juu ya mwamba. Mkewe, Mama Mukagasana, alinipa kiti na chai ya maziwa nami nikashindwa kuinywa. Papa Jean de Dieu akashusha kutoka darini fungu la matete lililofungwa kwa uzi. Kila mwezi, kabla ya kuirudisha kona, alikuwa anakata kipande cha tete chenye urefu sawasawa na umbali uliosogea, anaandika jina la mwezi kwa kalamu. Alikuwa ameyakata ili amshtaki Mbonigaba.

Nikayasimamisha ukutani, moja baada ya jingine, kuanzia la kwanza. La kwanza lilikuwa dogo kama ukucha. Mwaka mmoja baadaye yalikuwa urefu wa kidole. Halafu kiganja. Matatu ya mwisho yalianza kurefuka kwa haraka ya kutisha, na la mwezi uliopita lilikuwa shibiri nzima ya mkono wa mwanamume. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mchoro ulio wazi kuliko ule. Mlima ulikuwa unaanza kukimbia, na mvua kubwa zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza.

"Papa," nikasema, "Mbonigaba hakusogeza kintu."

Alinitazama. Kisha akatazama matete. Ni fundi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliinama akaligusa lile la mwisho kwa kidole, akavuta mkono.

"Na mimi nilimupeleka kwa chifu," alisema.

Mama Mukagasana ndiye aliyenisimulia mengine, maana mumewe alitoka nje. Miezi minane nyuma Papa Jean de Dieu alimshtaki jirani yake kwamba ni mwizi wa mpaka. Huku Masisi neno hilo si dogo, watu wameuana kwa upana wa jembe. Mbonigaba alijitetea kwamba mwizi ni Jean de Dieu mwenyewe, kwamba yeye anaona kwa macho yake kona ikipanda kila mwezi kuingia shambani mwake. Watu wakacheka, wakasema kona haina miguu. Chifu akaamini misumari na mafundo. Mbonigaba akatozwa mbuzi, na kanisani wakamvua ukubwa wa shirika lake, ile jumuiya ndogo ya sala, yeye ambaye alikuwa amewakaribisha wakimbizi wa kwanza shambani mwake bila kuwauliza kitu. Tangu siku hiyo wanaume wale wawili wanapita njia moja bila salamu.

Nilipanda juu ya kanisa kutafuta mtandao, nikampigia Raphaël. Nikamweleza yote: matete, misumari, uzio. Nilimwambia watu wahamishwe pale wiki hii hii.

"Matete?" alisema.

"Ndiyo, matete."

"Kavira, siwezi kuandikia wakubwa habari ya matete. Mwambie yule papa aache kona isiguswe. Tupate picha tatu za satelaiti zilizo safi, tuone kama kweli inashuka, kisha tunaandika ripoti mpya."

"Picha tatu ni siku thelathini na sita."

"Njo muda wa kazi."

Nilimtukana. Sitasema tusi gani, mama yangu bado yuko hai huko Butembo. Kisha simu ikakatika yenyewe, na nikabaki nimesimama pale juu nikitazama moshi wa mapishi ukitoka kwenye vibanda mia mbili. Chini kwenye mteremko watu walikuwa wameziba nyufa za ardhi kwa udongo na kuzifagia vizuri, maana ni watu nadhifu. Nilikuwa nimewaweka pale mimi. Nililia kidogo, kisha nikapangusa uso, kwa kuwa kulia pia kunachosha.

Alasiri hiyo nilikwenda kwa Mbonigaba peke yangu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko, imezungukwa na vibanda vya wakimbizi. Yeye alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, ambaye hakunialika kukaa. Nilimweleza kwamba mlima unateremka na kwamba lazima watu wahamie kwenye uwanja wa kanisa na shamba la shule, juu ya mwamba.

"Nani anasema?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe ulisema mulima imetulia. Niko na karatasi yako ndani ya nyumba. Sasa unasema inatembea. Mwaka kesho utasema nini?"

Nikamweleza habari ya matete yaliyokatwa kila mwezi.

"Na hayo matete iko ya nani?"

"Ya Papa Jean de Dieu."

Akacheka bila furaha. "Yule aliniita mwizi. Yeye analala juu ya jiwe. Anataka tutoke tumuachie shamba. Madame, rudia Goma."

Na huo ndio ulikuwa ugumu wote, kwa sababu wakimbizi walimsikiliza yeye tu. Mimi nilikuwa mwanamke wa ofisi aliyeshuka kwenye pikipiki. Jioni ile nilizunguka vibanda ishirini, na kote nilijibiwa kwa adabu vilevile: "Papa Mbonigaba anasemaje?" Mama mmoja wa Kibua, aliyefika na wale wa kwanza, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, aliniambia, "Kibua walitufukuza na bunduki. Njiani walitufukuza tena. Nilihama mara saba, mama. Mulima pia inanifukuza? Basi ije inikute nimelala."

Nilirudi kwa Papa Jean de Dieu, nikamkuta ameketi kizingitini. Nilimwambia kilichobaki hakiko mikononi mwangu. Kesho yake, Jumamosi, alishinda ndani na fungu lake la matete, na mkewe akaniambia hata chakula alikuwa amekirudisha.

Jumapili, misa ilipokwisha na watu wakiwa bado uwanjani wanasalimiana, Papa Jean de Dieu alitoka mbele ya mlango wa kanisa na lile fungu la matete. Alikuwa amevaa koti lake la arusi. Alipiga magoti kwenye changarawe, mzee wa miaka sitini na kitu, na kelele zikaisha.

"Bandugu," alisema, "mbele ya chifu nilisema Mbonigaba iko mwizi wa mpaka. Nilisema uongo. Sikujua iko uongo, lakini ilikuwa uongo. Hakuna muntu alisogeza kona. Mulima njo ilisogea. Ilikuwa inashuka, na mimi kila mwezi nairudisha kona kwa mahali yake, njo maana satelite haikuona kintu. Kama munalala pale na bana benu, iko sababu yangu."

"Na yangu," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia. "Na yangu. Niliona vipimo vinaruka, nikasema ni mvua. Nilitia sahihi."

Watu walimgeukia Mbonigaba, aliyekuwa amesimama nyuma, karibu na kengele. Alikuja polepole. Hakumwinua Papa Jean de Dieu. Alichukua fungu la matete kutoka mikononi mwake, akalifungua, akaanza kuyapitia akisoma majina ya miezi.

"Ya mwezi wa tano ya mwaka jana iko wapi?"

Papa Jean de Dieu akamwonyesha.

"Mwezi wa tano nilikuwa Omate, nachimba zahabu ya batu," alisema Mbonigaba. "Mwezi muzima. Nilikuambia mbele ya chifu. Ulijibu nilituma mutoto wangu asogeze. Mutoto wangu alikuwa na malaria, alikuwa kwa kitanda ya hospitali Mweso. Bibi yangu alikuambia pia."

"Njo vile," alisema Papa Jean de Dieu. "Njo vile, kaka. Sikusikia."

"Mi nilijua si mimi. Nikafikiri iko wewe. Kila asubuhi nikiamuka naona kona imepanda kwangu. Nilianza kunoa panga." Alisema hivyo kwa sauti yake ileile ya upole. "Nilikuwa nanoa kwa ajili yako, Jean de Dieu. Na siku ile nilitaka kukuya kwako, mama ya bana alificha panga."

Alilitafuta tete la mwisho, lile la shibiri. Akalipima kwa mkono wake wazi, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Lilitosha sawasawa.

"Mi sikusamehe leo," alisema. "Pengine kesho pia hapana. Nimechoka. Lakini hii moja, hii naiamini."

Akaliweka mfukoni, akashuka mteremko. Sisi sote tulibaki tunatazama. Alifika kwake, akaingia ndani, akatoka na nyundo na ngazi. Akapanda juu ya nyumba yake na kuanza kung'oa misumari ya bati.

Ni lazima mwelewe maana ya jambo lile. Vita vikija, mtu wa huku hufunga mlango na kukimbia, kwa sababu anatumaini kurudi. Anaacha kitanda, anaacha kuku, anaacha hata maharage kwenye sufuria. Bati hashushi. Mtu akishusha bati za nyumba yake amekata tumaini na mahali pale, na hakuna tangazo la ofisi linaloweza kusema hivyo kwa nguvu ile. Bati la kwanza la Mbonigaba lilipoanguka chini, mlio wake ulifika mpaka kanisani. La pili lilipoanguka, wanawake walikuwa wamekwisha kukimbilia vibandani kukunja mahema.

Tulihamisha watu Jumapili ile yote na Jumatatu. Papa Jean de Dieu, na koti lake la arusi, alibeba miti ya vibanda begani mpaka koti likapasuka. Yule mama wa Kibua alibaki ameketi juu ya gunia lake, hataki. Mama Mukagasana akaketi naye kama nusu saa. Kisha akamchukua yule mtoto wa mkononi, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akaanza kupanda njia ya kanisa. Mama yule akamtukana kwanza, halafu akanyanyua gunia na kumfuata.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Uwanja wa kanisa ulijaa matope, watoto wakakohoa, na mlima ulikuwa bado uko pale, kijani, mzuri, umetulia kwa macho ya kila mtu. Siku ya saba watu walianza kunitazama kwa chuki. Siku ya kumi baadhi ya wanaume walisema wanarudi, kwamba Madame ameota ndoto. Mbonigaba alikaa kwenye njia, juu ya rundo la bati zake, na wakimwendea anatoa lile tete mfukoni, analiweka juu ya kiganja chake. Wakarudi nyuma. Siku ya kumi na mbili satelaiti ilipita, na Raphaël akaniandikia kwamba picha imejaa kelele, tusubiri ya pili.

Siku ya kumi na sita, Jumanne, saa tisa alasiri, baada ya mvua ya siku mbili, tulisikia kishindo ambacho wengi walidhani ni bomu. Watu walilala chini kwa mazoea. Nilipoinua kichwa niliona migomba ikitembea imesimama wima, safu nzima, kisha ikaanguka pamoja. Mteremko wote ulishuka, mashamba, uzio wa miyenzi, kona yangu, kuta za nyumba ya Mbonigaba, hadi kwenye kijito chini. Matope yalipotulia, palikuwa na kidonda chekundu kuanzia hatua arobaini kutoka kanisani. Tulihesabu watu mpaka jioni, hema baada ya hema. Hakukosekana hata mmoja.

Familia zile za Kibua zilizokuwa zikisubiri Mweso hazikuletwa tena Kanyati. Raphaël aliandika ripoti yenye kichwa kirefu, akisema satelaiti iliokoa maisha ya familia mia mbili. Nilimrudishia nikiwa nimeandika pembeni kwamba ni uongo, kwamba waliookoa ni fundi mmoja, matete yake na mtu aliyemwita mwizi. Alinijibu kwamba ripoti imekwisha kutumwa. Sikuwa na nguvu ya tusi jingine.

Nilirudi Kanyati miezi mitatu baadaye, safari hii kwa siku nne, vizuizi tisa. Watu walikuwa wamejenga juu ya mwamba, nyuma ya shule. Papa Jean de Dieu alikuwa amewapigia kamba bure, nyumba baada ya nyumba, na mistari ilikuwa imenyooka kuliko mitaa ya Goma. Nyumba moja tu ilikuwa imepinda. Ukuta wake wa mbele ulilala upande wa kushoto, mlango ulikuwa mwembamba juu na mpana chini. Sikuuliza ni ya nani, kwa sababu nilizitambua bati.

Tulipita mbele yake pamoja, mimi na Papa Jean de Dieu. Mbonigaba alikuwa nje anakoroga udongo kwa miguu. Papa Jean de Dieu akavua kofia, akasema, "Amani, kaka." Mbonigaba akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukoroga. Ilikuwa salamu ya kwanza, Mama Mukagasana aliniambia baadaye, tangu siku ya chifu.

Tulipofika mbele kidogo mzee alinishika mkono, akasimama.

"Madame Kavira, ule ukuta umepinda vidole vitatu. Uliona?"

"Niliona, Papa."

"Nilimuuliza kama naweza kuunyoosha. Alisema hapana, utabaki vile vile ameuweka yeye. Napita hapa kila asubuhi. Unaniuma huku," alisema, akigusa kifua.

"Basi uache, Papa."

"Naacha," alisema. Akaweka mikono nyuma ya mgongo, na tukaendelea kutembea.